Chai au Kuoga

Shangazi Nerys mpendwa,

Soksi ulizonifumia zimenienea, asante. Jambo hili sijamwambia mtu nyumbani: kwenye mdahalo wa shule, niliyeshinda kwa kupinga nyongeza ya kodi ya kutunzia wazee ni mimi.

Niliporudi nyumbani siku hiyo nilimkuta Glenys, mtunzaji anayetumwa na halmashauri kwa Bibi kwa dakika kumi na tano.

“Chai au kuoga, bibi? Muda hautoshi vyote viwili.”

“Chai! Harufu yangu ni shida ya wageni.”

Tulicheka. Glenys alipoondoka, Bibi alijifunika shali, akaninong'oneza, “Leo siku ya nne sijaoga.” Hataki mjukuu wa kiume amwogeshe.

Jana nilisimama kwenye mkutano wa halmashauri, nikasema kwamba kwenye mdahalo nilikosea, kodi ipande. Kisha nikaketi.

Mpwa wako akupendaye,
Emrys