Gazeti Ndani ya Usukani

Nasike shika simu. Gazeti! Ndani ya usukani wa gari yangu kulikuwa na gazeti!

Niko kwa Wabwire, yule fundi wa umeme. Ameniuliza, "Mama, ukiwasha gari, taa ya airbag huwaka kwanza ndio izime?" Nikamwambia ilikuwa inawaka zamani, ikaacha. Mimi nilidhani gari imepona!

Akafungua usukani. Airbag, ule mfuko wa kukukinga ukigonga, hakuna. Kumejazwa gazeti, limekunjwa vizuri kama la kufungia samaki. Taa nayo imekatwa waya nisijue.

Nimekuwa nikibeba watoto na GAZETI, Nasike.

Ngoja, nimesoma tarehe. Ni la Aprili mwaka huu. Na Aprili nani alikaa na gari yangu wiki nzima? Shemeji Robinson! Ndugu ya mume wangu Joram, huyo huyo fundi wetu wa nyumbani!

Wabwire ameuliza polepole, "Huyo shemeji anatengeneza gari gani ingine?"

Ya Joram. Amemaliza kufanya breki leo asubuhi. Joram ametoka nayo sasa hivi na watoto, wanaenda Bondo. Napiga simu, haishiki.

Bado uko Kisian, hapo njia ya Bondo? Toka usimame barabarani. Msimamishe.