Mikato Miwili, Sikio la Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Bomba kavu tena. Nikachota mtoni. Shimo la mchangani sasa linanifika kiunoni. Nikachelewa shule.

Mwalimu Wafula wa historia hakunichapa. Amenipa fotokopi ya ukurasa mmoja wa gazeti la serikali ya wakoloni. Ilani tatu, Kiingereza kigumu kama mfupa. Nizitafsiri kwa Kiswahili, halafu nizisome mbele ya shule nzima tarehe ishirini na moja.

"Akai, sauti yako umeiacha kwa nani?" akaniuliza. Darasa likacheka. Nikaangalia viatu vyangu.

Afadhali fimbo.

Jumatano, 5 Machi

Ilani ya kwanza. Inahusu askari wanaotoroka jeshi. Atakayemficha mtoro, au kumlisha, au kujua alipo na kunyamaza, naye ana hatia.

Nimeiandika mara tatu. Mwandiko mbaya mara zote.

Kaka yangu Ekidor ni askari. Alikuwa. Alikuja Januari na begi moja, akasema ni likizo. Likizo gani haiishi? Anakaa Lopur, malishoni, na mbuzi wachache tulionao, mjini hakanyagi. Mama anapika, mimi napeleka. Aliniambia mara moja tu, akichonga fimbo: kule alikokuwa, rafiki yake alikufa akiwa amemshika mkono. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Baba akiulizwa na watu anajibu, "Yuko kazini." Baba ameomba kazi ya naibu chifu. Kesho anaitwa Lodwar kwa usaili.

Kiturkana ni cha Mama. Kiingereza ni cha mtihani. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwangu hakina mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Ilani ya pili ni majina tu. Bwana fulani ameteuliwa kuwa ofisa wa wilaya fulani. Rahisi. Nimeimaliza nikila.

Baba amerudi kutoka Lodwar na koti la kuazima, amefurahi sana. Walimuuliza kama kuna mtu wa familia yake anayetafutwa na serikali. Akasema hakuna. Alitusimulia hivyo akicheka. Mama hakucheka. Mimi pia nilicheka, kidogo, ili asijisikie vibaya. Najichukia kwa hilo.

Ilani ya tatu: marufuku kuingiza mifugo kutoka ng'ambo ya mpaka bila kibali. Ni kama aliyeandika karatasi hii alikuwa amekaa kwetu uani. Maana Ekidor ameenda upande wa Uganda kuwachukua mbuzi wetu, wale waliobaki kwa baba mdogo tangu ukame. Na siku hizi mpaka umefungwa kwa mifugo, kuna homa ya mapafu ya mbuzi. Kibali kinatolewa ofisini. Ofisini wanataka kitambulisho. Ekidor atakionyesha kwa nani?

Nilimwambia Baba kuhusu ilani. "Hiyo ni ya Wazungu, iliisha," akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike yote, nisijionee huruma.

Mama alinituma na uji na maji nimpokee Ekidor njia ya Lopur. Nilipofika kwenye korongo nikaona gari la daktari wa mifugo na polisi wawili. Mbuzi walikuwa wamezungushiwa kamba. Mchungaji hakuna. Alikuwa ameona gari, akaingia kwenye kichaka cha mathenge.

Daktari, mtu wa mbali, alikuwa akiwauliza wapita njia. "Hizi mbuzi ni za nani?" Wakapita. Akasema mbuzi wasio na kibali wanawekwa karantini wapimwe. Lakini wasio na kibali wala mwenyewe, hao wanachinjwa na kuchomwa moto, leo hii. Polisi mmoja akaanza kuvunja kuni.

Nikaona masikio. La kulia mikato miwili, la kushoto tundu. Sisi.

Tangu nikiwa mdogo nafundishwa: ukiona mkato wenu kwenye mikono ya wageni, simama useme. Hata kama ni mtoto. Hata kama mwenye mkono ni mkubwa. Ndivyo mnyama anavyorudi nyumbani. Sikufikiria. Mimi, ambaye siwezi kusoma kifungu kimoja darasani.

"Ni wetu," nikasema. "Mikato miwili kulia, tundu kushoto. Ni wa Baba." Nikamtaja Baba jina lake lote.

"Kumbe unaongea!" polisi akasema. "Nilidhani huyu ni bubu."

Daktari akafurahi. Akatoa fomu. "Sawa, nani amezileta? Atie sahihi."

Nikanyamaza. Sasa ndiyo nikanyamaza.

"Kama hakuna mkubwa, tutakubeba wewe," polisi akasema. Nafikiri alikuwa anatania. Bado sijui.

Mathenge yakatikisika. Ekidor akatoka, mikono wazi, miiba kwenye shuka. "Ejok, afande," akasalimia. "Mwache huyo mtoto. Mbuzi nimeleta mimi."

Daktari akampa kalamu. Ingeishia hapo. Lakini yule mkubwa kati ya polisi wawili alipomkaribia, Ekidor akasimama wima. Visigino pamoja, kidevu juu, macho mbele. Hata hakujua amefanya. Amevaa shuka na ndara za tairi, na amesimama kama yuko kwenye gwaride.

Polisi akamzunguka taratibu. "Wewe ni wa kambi gani?"

Ekidor aliniangalia. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeweza kulala.

"Wape mbuzi maji," akaniambia.

Yale maji yalikuwa yake.

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisani. Angekaa kichakani mpaka jioni, mbuzi wangechomwa, tungelia, basi. Angekuwa hapa.

Mimi ndiye niliyemtoa.

Jumanne, 11 Machi

Mama amekwenda Lodwar na amerudi. Ekidor hayuko tena kituo cha polisi, jeshi lilishamchukua. Shuka lake tu ndilo Mama alilopewa. Amelikunja na kulikalia.

Baba hasemi nami. Akitaka chumvi anamwambia Mama.

Alhamisi, 13 Machi

Foleni ya maji. Mama Ebei akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, "Shikeni midomo, afande amefika." Wakacheka. Ndoo yangu ikajaa na kumwagika, sikufunga bomba.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesoma.

Nilidhani nitakwama kwenye ilani ya kwanza. Sikukwama. Atakayemficha, atakayemlisha, atakayejua alipo na kunyamaza. Nilisikia sauti yangu ikifika kwa wale wa nyuma kabisa, chini ya tangi la maji. Kitu cha kuogopa hakipo tena, kilishatokea. Walipiga makofi. Mwalimu Wafula akaniambia, "Unaona? Ilikuwemo ndani."

Nilienda chooni nikatapika.

Nyumbani kulikuwa na barua ya Baba. Nafasi ya naibu chifu amepewa mwingine. Baba aliisoma mwenyewe, amesimama. Akaiweka chini ya redio, akaenda kurudisha koti.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kidogo jana. Vumbi limelala.

Mbuzi wametoka karantini. Wawili walikufa, waliobaki wazima. Watatu wamezaa humo humo. Vitoto havina alama, masikio mazima.

Ya Ekidor hatujui. Mama aliambiwa angoje, na hakuambiwa angoje nini. Bado anapika kwa hesabu ya zamani. Kinachobaki nakula mimi.

Asubuhi Baba alinoa wembe. Kushika mbuzi ilikuwa kazi ya Ekidor. Baba alikaa kwenye jiwe, akamwangalia Mama, akaangalia njia ya Lopur, kitambo. Halafu akaniita. Jina langu, basi.

Nikashika. Kitoto cha kwanza kilikuwa cheupe, moyo wake unanipiga mkononi. Kulia, mkato, mkato. Kushoto, tundu. Kililia mara moja tu, kama kimeulizwa kitu. Damu kidogo. Baba akapaka majivu.

"Mwingine," akasema.

Nikamletea mwingine.