Doa Chini ya Unyayo

Mbotela, Jumapili mchana

Mpendwa Mama Achieng,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Hujambo huko uliko? Umelala vizuri? Nauliza kwa sababu mkono umezoea hivyo, mtu haandiki barua bila kuuliza hali ya mwenzake. Najua tulivyofundishwa mimi na wewe tangu ubatizo, kwamba aliyelala amelala, hasikii wala haoni, hata mvua ikinyesha juu ya kaburi lake hana habari. Mzee wa kanisa akiiona barua hii atanikalisha chini anisomee. Basi anikalishe. Kuna jambo linanikaa kooni na wewe ndiye niliyekuwa nakuambia mambo kabla hayajafika kwa wengine.

Mimi siko mzima sana. Nimeandika hayo maneno nikakaa kidogo nikiyaangalia. Huko nje nasema niko salama, Mungu ni mwema. Kwako mkono umekataa kusema uongo.

Acha kwanza nikupe ya mtaa. Nyumba yako wameingia watu wengine, bibi na bwana na mapacha wanaolia kwa zamu. Wamepaka mlango rangi ya buluu. Maji ya mfereji bado yanakuja yakitaka. Kanisani sauti ya pili imelegea kabisa. Mwalimu wa kwaya alijaribu kuniweka mahali pako, nikaimba wimbo mmoja, akanirudisha kwa sauti ya kwanza kwa upole sana, kama mtu anayemrudisha kuku wa jirani. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu.

Kibanda changu kipo. Sukuma, nyanya, vitunguu, na ndizi za kupika zinazotoka kwetu Kisii. Kile kigoda ulichokuwa unakalia ukitoka kazini nimekirudisha ndani ya nyumba. Mteja mmoja alikikalia akisubiri nimkatie sukuma, nikasikia vibaya bila sababu.

Sasa nikuambie.

Kuna doa chini ya unyayo wangu wa kushoto, karibu na kisigino. Jeusi. Nilipoliona mara ya kwanza nilisema ni utomvu wa ndizi. Wewe unajua ule utomvu, ukigusa nguo hautoki mpaka nguo yenyewe iishe. Na mimi nashinda na patipati miguuni, nakanyaga maganda mchana kutwa. Nikachukua jiwe la kusugulia miguu, nikasugua. Halikutoka. Nikaweka ndimu, nikasugua tena. Nikaweka sabuni ya kipande, nikasugua mpaka kisigino kikawaka moto. Doa likawa linaongezeka na mimi naona ni uchafu unaenea, naona haya, mama mzima mwenye nyayo chafu. Mama Achieng, nilikuwa nasugua ugonjwa kama mtu anayesugua masizi ya sufuria.

Halafu patipati ikaanza kuwa na damu. Nikaenda kwa yule msichana wa duka la dawa hapo karibu na steji ya matatu, akanipa mafuta ya kupaka. Nikapaka, pakauma zaidi. Niliporudi akaangalia, akafunga kichupa, akasema, “Mama, hii mimi siwezi. Nenda hospitali, na usingoje.” Hakutaka hata kuniuzia kingine.

Daktari ni kijana tu, umri kama wa Dennis wangu. Aliushika mguu akauweka juu ya paja lake bila kinyaa, akaangalia doa na kioo chenye taa, muda mrefu. Akaniuliza, “Mama, umekuwa ukilifanyia nini?” Nikamwambia nimekuwa nikilisugua. Akaizima taa ya kile kioo. Kisha akasema, taratibu, “Usilisugue tena.” Akanieleza kwamba linaweza kuwa kitu cha bure, na linaweza kuwa kansa ya ngozi, na yeye hataki kukisia. Watakata kipande kidogo kipelekwe maabara, ndipo ijulikane. Nikamwambia, daktari, si kansa ya ngozi ni ya wazungu, na wale ndugu zetu wenye ualbino wanaochomwa na jua? Jua limenipata wapi chini ya mguu? Akasema hii aina nyingine haitafuti jua. Sisi watu weusi inapenda kutushika nyayoni, viganjani, chini ya kucha, mahali ambapo mtu hajiangalii.

Hilo neno ndilo lilinivunja. Siyo kansa. Kansa nilikuwa nimeisikia masikioni kama kelele tu. Mahali ambapo mtu hajiangalii. Maana mimi sikuwa na haja ya kujiangalia. Nilikuwa na wewe.

Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, wanaume wakienda upande wao na sisi wanawake tukiingia darasa la watoto kutawadhana miguu wawili wawili, mimi nilikuwa wako na wewe wangu. Watu waliacha hata kutuuliza. Ulikuwa unapiga magoti mbele ya karai, unauchukua mguu wangu, unaugeuza kama mtu anayechagua nanasi sokoni. “Mama Dennis, hizi nyufa mtu anaweza kupanda mahindi.” “Mama Dennis, umenunua viatu vya kubana, kidole kimeniambia.” Na mimi nikikuosha ulikuwa unatekenywa, unacheka, mke wa mchungaji anatukazia macho, wewe unazidi, mpaka mimi pia nacheka na machozi yananitoka mbele za Bwana. Ulijua nyayo zangu kuliko mimi. Ungekuwepo, lile doa ungeliona likiwa punje ya mtama. Ungenivuta mkono mpaka hospitali na mahubiri hayajaisha.

Tangu ulipolala sikumpa mtu miguu yangu. Siku hiyo ikifika nilikuwa najitia kusaidia mashemasi kuchemsha maji kule nyuma. Nikajaza makarai ya wenzangu, nikapeleka taulo, wakitoka nakuwa bado niko na shughuli. Hakuna aliyegundua. Mtu anayefanya kazi kanisani haulizwi maswali.

Na nyumbani niko peke yangu. Baba Dennis unajua alitutangulia wote. Dennis yuko Mombasa na kazi ya makontena, anapiga simu anauliza, “Uko poa, mathe?” Nasema niko poa. Usiku na mchana naomba. Lakini nikipiga magoti, unyayo unaelekea juu, lile doa linaangalia mbinguni na mimi uso wangu uko kwa mto. Nikawaza, basi Mungu analiona vizuri kuliko mimi, kwa nini nimwambie tena. Nikabaki hapo bila maneno. Sijawahi kukosa maneno ya kuomba, wewe ni shahidi, ulikuwa unanivuta sketi nifupishe.

Lakini siyo kufa kulikonishinda. Ni Achieng wako.

Yuko sawa, usiogope. Amehamia Tassia, anasuka nywele kwa saluni moja Donholm na wateja wanampenda. Lakini hajavuka msiba wako, Mama Achieng. Anaongea, anacheka, halafu katikati ya kicheko anapotea kimawazo. Zamani alikuwa ananiita Mama Dennis. Tangu tulipotoka kukuzika kule kwenu karibu na ziwa, ananiita Mama, basi. Hakuniomba ruhusa na mimi sikumkataza. Ndiyo nikajiambia huyu mtoto sitamwambia. Nitaenda kukatwa hicho kipande peke yangu, majibu nitayangoja peke yangu, yakiwa mabaya nitajua la kufanya. Nimpe mama wa pili wa kuzika, kwani amekosea nani?

Jana ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Mimi mapema niko nyuma kwa sufuria kubwa. Nikaona Achieng anakuja, karai mkononi, taulo begani, viatu ameshavua.

“Mama, mimi sina mtu.”

Nikamwambia aende na Mama Shemasi.

“Mama Shemasi ako na mtu wake. Kila mtu ako na mtu wake. Ama nikae tu hapo kama mgeni?”

Na Mama Shemasi unamjua mdomo wake, akasema kwa sauti, “Mama Dennis, maji hayahitaji askari. Enda na mtoto.”

Nilienda kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Nikakaa kwa kile kiti kidogo cha watoto. Nikatoa mguu wa kulia. Akauosha vizuri, akaufuta. Akasema leta huo mwingine. Nikamwambia huo uko sawa, nimeoga asubuhi. Akacheka, akasema, “Mathe, Yesu hakuosha mguu mmoja mmoja.” Akauchukua mwenyewe. Plasta niliyokuwa nimebandika ikalowa ikatoka, ikaelea kwa karai.

Akaugeuza mguu. Kicheko kikaisha.

“Hii ni nini?”

Nilikuwa nimejiandalia msumari. Kwamba nilikanyaga msumari pale kibandani. Lakini huwezi kumdanganya mtu aliyepiga magoti anakuosha miguu, pale si mahali pake. Nikamwambia. Nikamwambia Jumanne wanakata kipande, wanafikiri ni kansa, hawajui bado.

Wenzetu walikuwa wanaimba. Achieng akabaki ameshika kisigino kwa mikono miwili, anaangalia chini. Kisha akasema polepole, bila kuniangalia, “Mama alinificha presha yake. Nilikuja kuona zile dawa baada ya mazishi. Sasa na wewe.”

Nikafa hapo hapo nikiwa nimekaa. Kwa sababu ni kweli, Mama Achieng. Ulimficha. Na mimi ulinificha, mimi niliyekuwa naosha miguu yako. Tulisema kifo chako kilikuja ghafla, lakini wewe ulikuwa unakiona kikija ukaamua usitusumbue. Nimekukasirikia tangu jana. Nakuambia wazi kwa sababu ukikasirikia mtu na humwambii inaoza. Nimekasirika na nimekukosa, yote pamoja, siwezi kuyatenganisha.

Hakulia pale. Alichota maji kwa kiganja akayamimina juu ya doa kidogo kidogo, kama mtu anayeosha utosi wa mtoto mchanga. Akaufuta mguu, akapitisha taulo katikati ya kila kidole. Tulipofika kwa maombi alifunga macho akasema, “Baba.” Akashindwa. Akasema tena, “Baba.” Nikakishika kichwa chake nikaomba mimi, ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Nilisema tu, Bwana, unatuona.

Halafu ikawa zamu yangu kumuosha yeye. Nikauchukua mguu wake nikaona kile kidole kidogo kinachopanda juu ya mwenzake. Ni chako. Sikuwahi kuangalia, miaka yote nilimjua mtoto huyu na viatu. Mama Achieng, nilikaa nacho mkononi mpaka maji yakapoa. Kwa mazishi yako sikulia vizuri, nilikuwa nahesabu sahani na kutafuta wageni mahali pa kulala. Jana nililia. Nililia kwa sauti, darasa lote likageuka kutuangalia, na sikuona haya.

Tulipokuwa tunavaa viatu akaniuliza, “Jumanne tunaenda saa ngapi?”

Nikamwambia wewe una wateja.

“Wateja watasukwa Jumatano. Saa ngapi?”

Nikamwambia saa mbili asubuhi.

Ndiyo hayo. Sijui Jumanne watanikata kiasi gani, sijui maabara watasema nini, na daktari alinionya majibu hayatoki siku hiyo, kuna kungoja kwingine baada ya huku kungoja. Kama ni kansa, wanaweza kutaka kipande kikubwa zaidi cha mguu, nilimuuliza hakunificha. Naogopa. Nikisimama hapa kibandani nakata sukuma, nashangaa watu wananiuliza bei kama hakuna kitu. Naogopa maumivu, naogopa kwenda nikiwa bado natakiwa. Sitaki kulala bado, rafiki yangu, hata kama ni karibu na wewe.

Lakini nakuahidi hivi, na naandika ili nisije nikageuka. Leo kabla giza halijaingia nitampigia Dennis na akiniuliza kama niko poa nitamwambia hapana. Karatasi ya majibu ikitoka, ataifungua Achieng, na mimi nikiwa nimekaa kando yake. Iwe nyeupe au nyeusi, ataisoma mwenyewe. Mtoto wako hatapata dawa zangu kwa droo baada ya mazishi. Yale uliyoshindwa kumpa, nitajaribu kumpa mimi, na nikishindwa utanisamehe kama ninavyojaribu kukusamehe.

Pumzika, mwenzangu. Mimi nafunga hapa, kuna mteja anagonga meza ya kibanda na sarafu.

Nijibu upesi, tafadhali. Kabla ya Jumanne kama inawezekana.

Ni mimi wako,
Kwamboka, Mama Dennis