Ioni Zilizolowa

Jumatatu, 4 Machi

Itangazwe kwa walimwengu wote: leo saa saba mchana wali wangu umepata moto sawasawa, bila kuungua. Tangu maikrowevu ya ofisini ife mwezi uliopita nimehangaika kupasha chakula kwenye oveni ya maabara, kikawa kinaungua. Sasa nimepata siri — napunguza moto wake hadi nusu, naweka bakuli kando ya shanga za kukaushia gesi, ninazozioka humo ili zinyonye maji kabla gesi haijaingia kwenye mashine ya ioni. Historia imeandikwa.

Mengine yalikuwa balaa. Daktari, mkubwa wa maabara, kamfokea mpwa wangu, binti wa dada, mbele ya wanafunzi wenzake. Eti mwezi mzima ioni zake za oksijeni "zimelowa"! Ioni hasi ikiwa kavu hushika elektroni yake ya ziada kwa vidole viwili tu. Ukiimulika kwa leza nyekundu, inaiachia. Molekuli za maji zikiizunguka, inaing'ang'ania — nyekundu haifui dafu, mpaka leza ya buluu. Za mpwa wangu zinataka buluu. Haya nimeyasoma kwenye karatasi wanazotupa. Kama wanaozitupa huzisoma, sina hakika.

Jumanne, 5 Machi

Bado nina hasira. Leo Daktari kasema binti anaipumulia mashine. Anaipumulia! Chuma kitupu, boliti kumi na sita!

"Daktari, pumzi haipiti chuma," nikamwambia.

"Fundi, wewe kaza boliti."

Nimezikaza. Moja nimeipa jina lake.

Ijumaa kamati inakaa. Bila ioni kavu anafukuzwa chuo — miaka mitatu imekwenda na maji, tena maji ya kweli. Dada kapiga simu: wewe si uko humo humo, mwanangu ataonewaje na wewe unaangalia? Nikasingizia mtandao.

Jumatano, 6 Machi

Nimekagua kila kitu. Bomba, zima. Mipira ya kuzibia, mizima. Boliti nimeshazisema. Basi maji yanatoka wapi? Kwa Daktari! Mtungi wa gesi aliuchagua yeye.

Mpwa wangu kaniuliza taratibu, "Mjomba, na shanga je?"

Shanga! Nazikausha kwa mkono wangu kila Jumatatu, miaka sita. Nikamkazia macho.

"Basi, Mjomba, samahani."

Mtoto ana adabu, huyu. Ndiyo maana wanamwonea.

Alhamisi, 7 Machi

Barua kwa kamati, kurasa mbili. Nimemkaanga Daktari, nikamgeuza, nikamkaanga upande wa pili.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tatu asubuhi. Barua nimempa katibu wa kamati mkononi. Mpwa wangu kavaa viatu vya mama yake, vinampwaya. Daktari kapita anatabasamu — ngoja, bwana mkubwa, ngoja uone!

Saa nne. Mpwa wangu kaingia. Mlango umefungwa. Namsikia Daktari anasoma kitu kwa sauti, polepole. Ni barua yangu. Amefika pale nilipoandika kwamba kazi ya fundi haina doa, na kamati ikitaka ushahidi ije ione shanga.

Nami nimefungua bomba la shanga, nizimwage kwenye sahani ya kioo, ziwe tayari wakija.

Viti vinaburuzwa. Wanakuja.

Katikati ya shanga kuna punje mbili za wali.