Neno "Well" na Kisima cha Idi

Dada Mariamu,

Tangu tukuzike nimekuwa nikisema nawe kichwani tu, nikiwa kwenye cherehani, miguu inakanyaga na mdomo umefumba. Leo nimechukua karatasi. Jambo hili siwezi kumsimulia mtu hapa Mtinko, kwa sababu wengi walikuwepo na kila mmoja ana namna yake ya kulisimulia. Wewe ndiye hukuwepo, na linakuhusu kuliko sisi wote.

Ni habari ya mume wako na kisima.

Siku ile ulipoanguka njiani ukitoka mtoni na ndoo kichwani, daktari alituambia ni moyo. Alisema ulikuwa na ugonjwa wa muda mrefu ambao hakuna aliyeujua. Sisi tulikubali. Idi hakukubali. Yeye alisema ni ndoo. Alisema hivyo mazishini, akasema tena siku ya arobaini, na baada ya arobaini hakusema kitu. Alichukua sururu na koleo akaanza kuchimba nyuma ya jiko lako, pale ulipokuwa ukianika mlenda.

Watu walidhani ni majonzi, yatapita. Hata mimi. Lakini asubuhi kabla ya kwenda shamba anachimba, jioni akirudi anachimba, na mdogo wake Ramadhani juu anavuta udongo kwa kamba. Unaujua udongo wa hapo kwako, wa kichanga, haushiki. Wazee walimwonya asishuke bila kujengea ukuta wa matofali. Akajibu kwa adabu kwamba maji yakionekana atajengea. Ilipokuja mashine ya kuchimba kisima pale shuleni, ng'ambo ya kilima, nikadhani sasa ataacha. Akasema shuleni ni mbali, na foleni itakuwa ndefu.

Nilimfuata nikamwambia, Shemeji, una binti mmoja tu, na binti huyo amebaki na wewe tu. Hakuniangalia.

"Upendo hatabeba ndoo kama mama yake," alisema.

Nilirudi kwenye cherehani yangu, na sauti ya sururu ikawa inanifuata mpaka nikiwa na wateja.

Ajabu ni kwamba sauti ile ilinirudisha kwenye jioni zetu za kupukuchua mahindi barazani kwako, wewe umetoka kufundisha, chaki bado ipo vidoleni. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza chote nilicho nacho ni kile ulichonipa pale. Hukunifundisha kwa vitabu. Ulichukua neno moja ukalifuata kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea: hapa limepita, hapa limekunywa maji, hapa limelala. Jioni moja neno lilikuwa "well."

Ulisema ni kisima. Kisha ukasema ni vizuri. Kisha ni mzima wa afya. Kisha ukasema Mwingereza akitaka kusema na hajajua aseme nini, hulitanguliza hilohilo, kama sisi tunavyosema "basi." Nikalalamika kwamba watu hawa ni maskini wa maneno. Ulicheka mpaka punje zikamwagika kutoka kwenye ungo. Ukaniambia si umaskini, ni maneno mawili yaliyozaliwa mbalimbali yakaja kufanana sura, kama wale akina Saidi wawili wa sokoni ambao si ndugu. La kisima lilitoka kwenye neno la kale la kuchemka, maji yanayobubujika kutoka chini kama chungu kilicho motoni. Lile la vizuri ni la ukoo mwingine, ukoo wa kutaka: jambo likienda vizuri maana yake limekwenda kama mtu alivyotaka. Nikasema basi na sisi tunalo, mzima na kisima: mtu ni mzima, maji yako kisimani. Ukakataa. Ukasema hiyo ni sauti tu, tusilazimishe undugu. Ulikuwa mkali sana kwenye mambo hayo, Dada, kuliko kwenye jambo lingine lolote.

Tulipokuwa tunakusanya magunzi ukaongeza kwamba mara nyingine neno hilo huja kusukuma tu neno la jirani. Mbali inakuwa mbali kabisa, nyuma inakuwa nyuma kabisa. Nilikuwa nimeshachoka. Nilisikia kwa sikio moja.

Sasa nisikilize.

Ilikuwa siku ya mnada na wanaume wengi walikuwa wamekwenda na mifugo. Nilikuwa napima gauni la mke wa Baba Neema, yule bwana jirani yako aliyewahi kufanya kazi hotelini Arusha. Hatukusikia kelele. Tulisikia kishindo kimoja kizito, kama gunia limeshushwa chini, halafu kimya, halafu Ramadhani anaita jina la kaka yake. Nilikimbia na futi ya kupimia shingoni.

Upande mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka. Idi alikuwa hai. Udongo ulimfunika mpaka kifuani, mkono mmoja ukiwa nje, na tulimsikia kutoka chini akisoma shahada, polepole, kama mtu anayejifundisha. Ramadhani alitaka kujitosa, ikabidi tumshike watatu. Kijana mwenye pikipiki akatumwa shuleni kwa wale wenye mashine, wana kamba na wanajua mambo ya ardhi. Wengine tulibaki tunazunguka shimo, kila mtu ana ushauri wake, na nyufa zinajichora kwenye udongo chini ya kandambili zetu. Mimi nilidhani ni mikwaruzo ya koleo.

Upendo alitokea shuleni na sare yake. Sijui nani alimwambia. Nilimkumbatia kwa nyuma, mikono yote miwili, na mtoto yule hakulia. Alikuwa anasikiliza.

Lori la mashine likaja linanguruma, tukasogea pembeni kulipisha. Fundi mkuu wao ni Mzambia, Bwana Banda, hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa lori kabla halijasimama, anapunga mikono, anapiga kelele juu ya injini: "Keep well back! Well back, everybody!"

Pale hapakuwa na mtu anayejua Kiingereza kumshinda Baba Neema. Katika ngurumo ile alishika maneno mawili tu, kisima na kurudi. Akageuka akapaza sauti: "Anasema turudi kisimani! Turudi tukavute!"

Watu wakakimbilia shimoni.

Nami nilipiga hatua, Dada. Nisikudanganye. Nilipiga hatua na Upendo mikononi. Halafu neno lile likanikwama. Lilikuwa limekuja peke yake, bila ile "the" yako. Kisima huja na "the" mbele yake, ulinisumbua na hiyo "the" mwaka mzima mpaka nikakuchukia. Hapa haikuwepo. Na mikono ya yule bwana ilikuwa inasukuma, haikuwa inaita. Nyuma kabisa.

Nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga. "Simameni! Anasema nyuma! Nyuma kabisa!" Nikamsukuma Upendo kwa shangazi yake, nikawakimbilia, nikamvuta mke wa Ramadhani kwa khanga yake mpaka tukaanguka wote. Baadhi walisimama. Baadhi walishafika ukingoni. Ukingo ukashuka mbele ya macho yetu, kipande kizima kama mkate, na wawili wakabaki miguu inaning'inia wakavutwa kwa mashati.

Shahada ikakatika.

Dada, kimya kile sitaweza kukueleza. Injini ilizimwa. Kuku walikuwa wanaparura nyuma ya jiko. Baba Neema alisimama na mikono kichwani, na mtu asimlaumu, maana hata mimi bila wewe ningesema kama yeye. Bwana Banda akaongea nami sasa, aliona ninaelewa. Alitaka milango. Nikasema kwa Kiswahili, milango, ng'oeni milango. Wakang'oa mlango wa jiko lako, wakang'oa wa chumba cha Upendo, wakailaza juu ya ukingo ili uzito usambae. Akatambaa kifudifudi, akainamisha kichwa shimoni, akanyoosha mkono nyuma kutunyamazisha. Tulikuwa tumeshanyamaza.

Kikohozi. Halafu sauti ya Idi, nyembamba, imejaa mchanga: "Mwambieni Upendo asisogee."

Mtoto ndipo alipolia.

Kazi ilichukua mchana wote. Nilisimama kati ya Bwana Banda na watu, nikawa mdomo wake. Mengine sikuyaelewa, nikamwomba arudie, akarudia bila hasira. Walikata pipa pande zote mbili, wakalishusha kwa kamba likamzunguka Idi mabegani ili udongo usimrudie usoni. Ramadhani alifungwa kiunoni akashushwa, akachimba kwa bakuli na kwa mikono, na kila udongo ulipochirizika tulisikia hapa juu ukigonga pipa, na kila ulipogonga wanawake walishika vifua. Mara mbili Bwana Banda alisema simama, na Ramadhani akaning'inia pale chini bila kujitikisa, kaka yake akipumua karibu na uso wake. Nilitafsiri neno "simama" nikiogopa nimekosea hata hilo.

Walimtoa alasiri. Alikuwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyemwagiwa unga, mguu wa kushoto umepinda pasipopaswa kupinda. Alipoona jua alifumba macho. Bwana Banda, amechubuka viwiko, akaniuliza taratibu: "Is he well?"

Nikatafuta jibu. "Well," nikasema, na nikashindwa kuendelea. Akanishika bega akaenda kukunja kamba zake.

Nilimuuguza Idi hospitali mjini Singida mpaka ndugu zake walipokuja kunipokea. Sikutaka kukuandikia sehemu hii, lakini ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mguu ulipofungwa na maumivu yakapungua, aliniambia udongo wa chini ulikuwa umeanza kuwa na unyevu. Aliushika kwa mkono wake. Akasema akipona hatachimba sana, maji yako karibu.

Hasira ilinipanda mpaka nikasimama. Nilitaka kumwambia habari za nyufa na za Upendo. Yaliyotoka mdomoni ni mengine.

"Shemeji," nilimwambia, "ndoo haikumuua dada. Hata mimi ningependa iwe ndoo. Ndoo tungeivunja."

Aligeukia ukutani. Mabega yakaanza kutikisika, na mume wako, ambaye hakudondosha chozi tulipokushusha kaburini, alilia mbele ya wodi nzima mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kinampanda, akaanza kumwombea kwa sauti ya chini. Nilikaa. Nami nikalia. Tulikulilia pale pamoja, Dada, kwa mara ya kwanza, kila mmoja na upande wake wa kitanda.

Hakukitaja tena kisima pale wodini.

Aliporudi nyumbani alisema kifukiwe. Majirani walikuja na makoleo, hata wale wa mnadani ambao hawakuwepo siku ile. Idi alisimama kwenye magongo, akaomba koleo, akamwaga la kwanza mwenyewe. Baba Neema alikuwa amesimama mbali, kwenye kona ya nyumba. Tangu siku ile alikuwa anapita njia ya nyuma asikutane nasi. Watu wakaanza kuangalia chini. Idi alimwita kwa jina la mtoto wake, akamsalimu, akajisogeza pembeni kumwachia nafasi. Baba Neema akaja, na walifukia bega kwa bega, yule mmoja na koleo, mwingine akisukuma udongo kwa gongo lake. Kabla ya magharibi palikuwa sawa. Upendo alikanyagakanyaga juu yake na viatu vya shule, akakanyaga kwa nguvu kweli, hakuna aliyemkataza.

Mashine ilipata maji pale shuleni. Yana chumvi kidogo na foleni ni ndefu kama Idi alivyosema, lakini ni karibu kuliko mtoni, na tumegawana zamu. Bwana Banda na wenzake wamekwenda upande wa Manyoni. Aliniaga kwa mkono tu, na mimi nikamshukuru kwa sentensi nzima, isiyo na kosa. Nadhani ungeridhika.

Dada, siwezi kukuahidi mambo makubwa. Sina uwezo wa kuwa mama wa mtoto wako, wala Idi hataki niwe. Ila zamu ya nyumba yako ni yangu. Nitakwenda alfajiri, na Upendo atabaki amelala mpaka nirudi, siku zote ambazo miguu yangu itakuwa na nguvu. Na jioni tukipukuchua, nitamfundisha neno mojamoja, kwa uchache nilio nao.

Mungu akupe kivuli huko uliko. Sisi huku bado tunapumua, wote watatu.

Mdogo wako,
Asha