Kikapu Kisichomwagwa

Jumatatu, 3 Machi 1969
Mvua asubuhi, jua baadaye. Kwenye mizani ya chai Mzee Koech, nyapara wetu, amemwaga vikapu vya wenzangu. Majani magumu, anasema. Changu hata hakukitazama. "Yako ni sawa, mama. Pita." Wiki ya pili sasa. Anataka nini?

Jumatano, 5 Machi
Meneja humwita Koech strict. Neno hilo nililisoma shuleni Kisii. Mwalimu alisema si sawa na mkali. Mbwa ni mkali, pilipili ni kali. Strict ni mwenye sheria moja kwa wote, hata kwa mamake. Basi anayemwaga cha jirani yangu Chebet na kupitisha changu si strict. Ana lake jambo. Mimi mjane, na nyumba hii ya laini, kwenye safu za wafanyakazi, ni ya kampuni. Neno lake moja, natoka na watoto. Akibisha mlango usiku je? Naogopa. Nimekasirika pia.

Alhamisi, 6 Machi
Chebet hanisalimii. Kwenye bomba la maji wanawake wamenyamaza nilipofika. Najua walichokuwa wakisema.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemtega. Nimeweka majani magumu juu kabisa, hata mtoto angeyaona. Amepitisha! Kisha akamwaga cha Chebet. Nimeinama kumsaidia kuokota. Majani mawili na chipukizi, kama inavyotakiwa, laini yote. Chebet amelia. Koech akageuka, akajikwaa kwenye kikapu kilichokuwa mbele yake mchana kweupe.
Haoni. Anakisia tu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia Koech wazi baada ya kazi kwamba najua haoni. Akajibu: "Ukisema, nimefukuzwa. Lakini wewe unachumanga safi tangu ukuje. Yako sina haja ya kuangalia." Nimeona haya kwa ule mtego wangu. Nimemwambia amwombe Chebet msamaha, nami nitasimama karibu na mizani. Majani yakiwa mabaya nitakohoa.
Amekwenda kwa Chebet jioni hiyo hiyo. Chebet amenisalimia.

Jumatatu, 10 Machi
Baridi. Nimekohoa mara chache. Cha Chebet kimepita. Mimi nilikuwa wa mwisho kupima. Leo nilichuma haraka, mawazo kwa mwanangu mgonjwa, na magumu yalikuwamo. Koech alishasema pita.
Nikakohoa.
Akasita kidogo. Kisha akakimwaga kikapu changu.