Gauni la Mama Ndinda

Mbooni, Jumanne, Agosti 1974

Na ile satini nilikuwa nimeipatia kweli. Nalisema mwenyewe kwa sababu leo hakuna mwingine aliyelisema.

Mama Ndinda alikuja kuchorwa akiwa na gauni lake la pamba, lililopauka kwa kufuliwa. Mimi, bingwa wa madoido, nikamvalisha satini ya buluu. Ndiyo kazi ninayoijua: unapaka rangi ya mafuta iliyokolea giza, kando yake unaweka mstari mweupe mzito bila kuuchanganya, na kitambaa kinang'aa chenyewe. Nilidhani namheshimu.

Leo amekuja kuiona picha. Akaitazama muda mrefu.

"Hii nguo ni ya nani?"

"Ni yako, Mwaitu, mama yangu. Nimekupamba kidogo tu."

"Yangu ni hii." Akashika mkono wa gauni lake. "Marehemu mume wangu alininunulia Machakos. Kumbe ulikuwa unaionea aibu."

Nikacheka, mjinga mimi. Yeye hakucheka.

Nikamwambia nitaifunika satini yote kwa rangi, arudi kesho akae tena nimchore alivyo. Hata hiyo kazi naiogopa. Pamba iliyochakaa haing'ai, na mimi bila kung'arisha kitu sijui kama ni mchoraji au ni...

Alipofika mlangoni akageuka. Akaniuliza kwa upole, bila kunisuta hata kidogo, kama aje na gauni hilo hilo au akaazime lingine kwa jirani.